Nota za Kumwingiza Bibi Harusi

Mpiga kinanda waliyempachika jina la Kiguu na Njia hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Mara yuko dirishani, mara mlangoni, mara uani, na mkewe alishachoka kuokota vikombe juu ya spika. Hata kwenye kumbi za harusi, alikopata riziki yake, hakutulia. Kimya kidogo kati ya nota na nota kilimkera, akakijaza vikorombwezo mpaka waimbaji wakakosa pa kuvutia pumzi.

Sasa ilikuwa zamu ya bintiye, kitinda mimba, kuolewa.

"Baba, siku hiyo usikae kwenye kinanda," binti alimwomba. "Nataka uniingize ukumbini wewe mwenyewe."

Kinanda chake hakuwahi kumwachia mtu. Ila kilikuwa na sehemu ya kupangia nota: unaingiza moja, unabonyeza, unaingiza nyingine, na ukimaliza kinapiga chenyewe. Basi akajifungia chumbani kupanga wimbo wa kuingilia, akipima mapigo kwa hatua zake mwenyewe, kitandani hadi kabatini, kabatini hadi kitandani. Ukatoka wimbo mtamu, usio na pengo hata la kupitisha sindano.

Walijaribu sebuleni. Akawasha, akamshika bintiye mkono, wakaanza. Hata hakujua alimwachia saa ngapi. Wimbo ulipoisha yeye keshafika mlangoni. Kugeuka, binti bado yuko kwenye meza, anachechemea na ule mguu wa kushoto alioumia utotoni.

"Si kitu, Baba. Nimezoea kukuona mgongo."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata maini. Alikumbuka njia ya shule, njia ya hospitali: yeye mbele, akigeuka tu kuhimiza, "Haya, mama, kaza mwendo." Aliona aibu, tena aibu ya mtu mzima, ambayo haina pa kujificha.

"Hebu tembea wewe," alisema. "Mimi nikae nikutazame."

Mkewe aliposikia neno hilo la kukaa alichungulia kutoka jikoni, kuhakikisha ni mumewe aliyelisema.

Binti akatembea, akarudi, akatembea tena. Baba mtu, magoti yakimcheza juu ya stuli, alizifuta nota zake na kuanza upya. Kila mguu wa kushoto ulipochelewa alibonyeza kitufe cha kimya, kile ambacho rangi yake ilikuwa bado mpya. Vidole vilimwasha kutaka kujaza. Aliukalia mkono mmoja.

Siku ya siku, waimbaji walitazamana wakidhani kinanda kimeharibika: nota inalia, inangoja, inalia tena. Kiguu na Njia alitokwa jasho. Nyayo zilitaka kwenda, na mara mbili nusura ziende, lakini mkono wa bintiye hakuuachia mpaka wakafika mbele.

Binti alikuwa akimtazama usoni, kwa mshangao kidogo.

"Kumbe ukitembea huwa unahesabu kwa midomo, Baba," alinong'ona. "Sikuwahi kujua."