Mahindi ya Chini ya Slabu

Harufu ya mahindi yaliyooza ikipita hapa Thika, mimi hutema mate, hata mbele ya wageni. Nilikuwa mdogo, shambani kule Ruiru alikofanya kibarua mama, wanaume wakihamisha slabu za simiti zilizobeba mapipa ya mahindi. Majina yao wote nayakumbuka hadi leo. Waliinua ya kwanza kwa mitaimbo, wakaiviringisha juu ya magogo. Chini yake kulikuwa na mahindi meusi, yana ukungu, na vitoto vya panya vyekundu vikijinyonganyonga ndani.

“Ngai! Mungu wangu!” mama akaruka.

Nyapara akacheka. “Mama, si ulilia watoto wana njaa? Chota basi. Hiyo ndiyo posho yenu.”

Mama alichota kwa leso. Aliyaosha mara nne, akayachemsha mpaka jioni. Nilikula, nikaomba niongezwe.