Kaka Anaamini Mikono Yake Ndiyo Iliyoharibu Ile Injini

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, nina mke na watoto wawili, ni fundi magari kwenye uchochoro mmoja nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Ufundi nilifundishwa na kaka yangu wa tumbo moja, alinitoa Lindi nikiwa sijui hata kushika spana. Gereji ni yake, wateja ni wake, na mimi miaka yote nimeitwa "mdogo wake fundi".

Mwaka huu mikono ya kaka ilianza kutetemeka. Kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Hakusema kitu na sisi hatukuuliza, ila kazi alizidi kuifanya polepole na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimeanza kumchoka.

Siku hiyo alikuja mama mmoja anayeuza viatu vya mitumba Mchikichini, anataka kubadilishiwa plagi nne za injini ya gari lake. Kaka akafunga tatu kwa utaratibu wake uleule: plagi unaianza kwa vidole, mizunguko mitatu minne, ukiona inakwenda laini ndipo unashika spana. Adhana ya adhuhuri ikaita, akaniachia ya nne. Mama alikuwa anaangalia simu kila dakika, nami nikataka aondoke. Nikaiingiza kwa spana moja kwa moja. Iligoma, nikaisikia kabisa inakwenda upande, nikalazimisha. Kaka aliporudi kutoka msikitini alizikaza zote nne kama kawaida yake, gari likaondoka.

Siku ya tatu lilirudi likivutwa kwa kamba. Plagi ya nne ilikuwa imeruka, na kaka alipochungulia tundu lake akakuta nyuzi zote, ile mikunjo inayoishika plagi, zimeliwa. Akakaa kwenye tairi, akaitazama mikono yake. Akamwambia yule mama kwamba kosa ni lake, ameikaza kupita kiasi kwa sababu mikono yake haipimi tena. Nilikuwa nimesimama hapohapo na sikufungua mdomo.

Kazi ya kulitengeneza tundu nikapewa mimi. Nilipaka grisi kifaa cha kukatia nyuzi ili chembe zisiangukie ndani ya silinda, nikapanua tundu, nikakata nyuzi mpya, nikafunga bushi ya chuma, kipete chenye nyuzi nzima za kuishika plagi. Plagi nikaianza kwa vidole, ikaingia bila shida. Kaka akanishika bega. "Sasa fundi ni wewe," akasema. "Mimi nimemaliza."

Tangu siku hiyo hajagusa gari. Wateja wananiulizia mimi. Nilikuwa nakitamani hicho kitu, jamani, na sasa nimekipata sisikii chochote. Si furaha, si majuto. Nakula, nalala, nataniana na watu kijiweni. Mke wangu ndiye pekee niliyemweleza, naye anasema ninyamaze, kaka anaumwa kweli na siku moja angeacha tu. Huenda ni kweli. Lakini angeacha akijua hajawahi kuharibu injini ya mtu.

Jumamosi yeye na shemeji wanahamia Lindi moja kwa moja. Jana nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Tukiwa wawili tu chumbani, akaniambia bila hata kuniangalia, "Nashukuru imeharibikia mikononi mwangu. Ingekuwa wewe, wateja wangekukimbia, na watoto wako bado wadogo."

Nikajibu, "Ndiyo, kaka," nikaendelea kukaza kamba.

Zimebaki siku tatu. Nikimwambia atajua mikono yake haikumwaibisha, ila sijui kama ataniita tena mdogo wake. Mliowahi kunyamaza kama mimi, nishaurini: nimwambie, au nimwache aende hivyohivyo?