Gauni Lililokatwa Kabla ya Safari

Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, pasipoti ya fundi cherehani mmoja wa miaka hamsini na sita ilipigwa muhuri kwa mara ya kwanza. Alipoulizwa uwanjani sababu ya safari alijibu kwa neno moja: harusi. Anayeolewa ni binti yake wa pekee, na ndani ya sanduku la fundi mlikuwa na gauni la bibi harusi likiwa bado vipande.

Wateja wake humwita Mama Pindo, kwa sababu pindo lisilomridhisha hulifumua mbele ya mteja, hata mteja akilia kwamba sherehe ni kesho. Duka lake ni chumba kimoja chenye cherehani mbili, kioo kirefu na benchi la wanaosubiri. Ameshona magauni ya maharusi kwa miaka thelathini. Binti yake alikulia chini ya meza ya kukatia, akiokota pini kwa sumaku, na wateja walizoea kumtania: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Hakusana wala hakuvukuta. Alipofika miaka kumi na tisa alipata kibali cha kufanya kazi nje, akaondoka. Mlangoni mama na mwana walipeana ahadi moja tu: siku atakayoolewa atavaa gauni la mama yake.

Kosa lilifanyika nyumbani, kabla ya safari. Muuza viatu wa chumba cha pili, aliyewahi kupanda ndege mara moja na hajaacha kusimulia, alimwonya Mama Pindo kwamba mkasi wake utanyang'anywa. "Watakuona gaidi, shoga yangu," alimwambia. Ushauri huo ulikuwa nusu kweli: mkasi hukataliwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Mama Pindo aliuchukua ushauri mzima. Mkasi wake haazimi mtu, na mkasi wa mtu haushiki, kwa hiyo alikata kitambaa kabla ya kuondoka. Kipimo alikitoa kwenye blauzi ambayo binti aliiacha nyuma ya mlango miaka minane iliyopita. Hakumwuliza vipimo vipya. Fundi kumwuliza mwanawe kipimo, anasema, ni sawa na mpishi kuuliza chumvi iko wapi jikoni kwake. Isitoshe, walionana kila wiki kwenye simu, na uso ulikuwa uleule. Aliongeza kitambaa kidogo kwenye kiuno kwa ajili ya unene wa ukubwani, akajiona mwangalifu.

Jumapili iliyofuata binti alimpeleka kwenye jengo kubwa la maduka ya bei ya kutupa, nje kidogo ya mji. Mama Pindo alikwenda kutafuta zipu na bitana. Cherehani ya kuazima ilikuwa imekwisha kupatikana. Binti alikuwa na haja nyingine, ambayo hakuwa ameitaja tangu alipompokea uwanjani.

Jengo lina orofa tatu zilizounganishwa kwa ngazi za umeme, na kila duka lina bango jekundu la punguzo. Nguo zimesongamana kwenye vyuma vya kutundikia hadi kuipata moja ni lazima uzivute tano. Mama Pindo hakutazama rangi wala mtindo. Alizigeuza nguo ndani nje, moja baada ya nyingine, akivuta nyuzi kwa ukucha. Mlinzi alianza kuwafuata.

"Tazama mshono huu," alisema. "Huyu alishona huku anafukuzwa."

"Mama, shusha sauti."

"Kwani hawa wanajua Kiswahili?"

"Hawajui."

"Basi niache niseme. Na hii kola! Hii si kola, hii ni aibu ya shingo."

Binti alicheka, lakini alicheka akitazama mbele, upande wa orofa ya pili.

Duka la huko juu linauza magauni ya harusi yaliyobaki misimu iliyopita. Muuzaji, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alipomwona binti alitabasamu kama mtu anayemjua. Kabla hajaulizwa neno, aliingia nyuma akatoka na gauni jeupe ndani ya mfuko wa plastiki, akalitundika mbele yao. Mama Pindo hakuhitaji mkalimani. Gauni huwekwa pembeni kwa ombi la mtu.

"Linakusubiri tangu lini?" aliuliza.

"Nilipita tu, Mama. Nikalijaribu kwa mzaha."

"Livae nikuone."

Tangu ndege ilipotua, Mama Pindo alikuwa hajamwona binti yake nje ya koti au sweta pana. Nchi ile ni baridi, na chumba cha binti hakina kipasha joto cha kuaminika. Usiku walilala na masweta. Pazia la chumba cha kujaribia lilipofunguka, fundi aliona mikono na mgongo wa mwanawe kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane. Kiuno kilikuwa kilekile. Mabega hayakuwa ya yule msichana. Yalikuwa yametanuka na kujaa, na nyuma ya shingo nyama ilikuwa imekaza kama ya mchukuzi wa gunia. Gauni la dukani, lililokatwa kwa ajili ya yeyote, lilimkaa vizuri.

"Umependeza," alisema. Kisha akasema ana njaa.

Ukumbi wa chakula uko orofa ya juu kabisa. Meza zimepigwa misumari sakafuni, viti vimeunganishwa na meza, na mnene na mwembamba hukaa umbali uleule na sahani yake. Ukiagiza unapewa kidude cha plastiki kinachowaka na kutetemeka chakula kikiwa tayari. Chao kilipotetemeka Mama Pindo alikirusha mezani akakitazama kama mende. Binti alirudi na trei ya wali, kuku na uma za plastiki.

"Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Si nilikuambia? Kampuni ya vyakula."

"Nilidhani unakaa ofisini kwenye kiti."

"Kwenye ghala la barafu. Napakia maboksi." Binti alikata kuku, uma ukavunjika. "Si mbaya. Wanatupa glavu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungesema nirudi."

"Ningesema urudi," alikubali mama.

Walikula kidogo. Binti akasema alitaka kumweleza kuhusu gauni kwenye simu, lakini kila alipoanza mama alianza habari za lesi. "Kuna wakati nilijua nimenenepa mabega, nikasema Mama atanipima akifika, ataliweka sawa. Hilo la dukani ni la dharura tu, Mama. Lako ndilo nalitaka."

"Langu nimekwisha kulikata."

Binti aliweka uma uliovunjika kwenye trei.

"Si unaweza kulipanua?"

"Kiuno hupanuliwa. Bega halipanuliwi. Bega likikatwa limekatwa."

"Uweke kipande hapa, na hapa."

"Nikuoze na viraka?"

Binti ndiye aliyepata wazo, na kwa muda mfupi lilifanana na tumaini. Ndoa ilikuwa Jumamosi. Jengo lile lina maduka yasiyo na idadi. Wanunue kitambaa kingine, mama akate upya, hata kwa mkasi wa kununua. Mama Pindo aliinuka kabla mwanawe hajamaliza sentensi. Alikuwa amekwisha kushona gauni kwa siku mbili zamani, alisema, na bibi harusi yule alikuwa na kibyongo.

Walishuka orofa moja hadi nyingine. Waliuliza kwenye duka la mashuka, wakaonyeshwa mashuka. Waliuliza kwenye duka la mapazia, wakaonyeshwa mapazia yaliyokwisha kupindwa. Zipu hazikuwepo. Nyuzi zilipatikana ndani ya kipaketi cha wasafiri, rangi sita, kila moja urefu wa kutosha kifungo kimoja. Kwenye dawati la maelezo kijana mwenye sare alisikiliza, akaandika neno kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. Kisha akauliza swali ambalo binti alisita kulifasiri.

"Amesemaje?" Mama Pindo aliuliza.

"Anauliza kitambaa kitupu ni cha nini."

"Mwambie cha kushona."

"Nimemwambia. Anasema hapa hawauzi vitu ambavyo havijakamilika."

Maduka ya vitambaa yapo katika mji mwingine, na hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa mchana. Binti huingia ghalani kabla hapajapambazuka na hutoka giza limeingia, na alikuwa amekwisha kuomba siku moja tu ya ruhusa, ya ndoa. Mchumba wake ni dereva wa basi na zamu yake ni hiyohiyo. Mama Pindo, asiyejua hata neno la kuombea maji katika lugha ya pale, hawezi kufika huko peke yake. Walisimama karibu na ngazi za umeme wakilipitia jambo hilo kila upande, huku watu wakiwapita na mifuko. Kipaza sauti kikatangaza kwamba maduka yatafungwa hivi karibuni, na vitu vyote vilivyowekwa pembeni vitarudishwa kwenye vyuma vya kuuzia.

"Nenda kalichukue," mama alisema.

"Mama, tunaweza—"

"Nenda, kabla hajalitundika."

Alibaki chini akimsubiri. Binti aliporudi na mfuko, Mama Pindo aliuchukua akaubeba yeye mpaka kituo cha basi, na njiani alizungumzia baridi.

Ndoa ni Jumamosi saa tano asubuhi katika ofisi ya msajili. Binti atavaa gauni la dukani, na mama yake atatia saini kama shahidi. Jumanne Mama Pindo atapanda ndege kurudi. Juzi alimpigia simu muuza viatu na kumwomba awaambie maharusi watatu walioleta vitambaa dukani kwake kabla hajasafiri kwamba waje wavichukue, watafute fundi mwingine.