Siku Darasa la Mke Wangu Liliposoma Ubao Mtupu

Nimeona mengi hapa Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, lakini darasa zima kusoma ubao usio na hata nukta moja, hilo nililiona mara moja tu.

Na walisoma vizuri. Kwa sauti. Bila kukosea.

Sio uchawi, wala sikuwa nimelewa. Kaeni vizuri niwasimulie, maana mwenyewe amenipa ruhusa kwa sharti moja: nisitie chumvi. Nitajaribu.

Mwenyewe ni mke wangu, Viviane. Anafundisha darasa la kwanza, na mimi naendesha pikipiki ya abiria. Wanaotujua wanatuita Mama Keren na Papa Keren.

Viviane ni mwalimu wa sauti. Akianza kufundisha unamsikia kutoka barabarani, na watoto wakimwitikia wanaifunika hata mashine ya kusaga ya jirani. Wazazi wakipita wanasimama, wanatikisa vichwa, wanasema pale watoto wanasoma kweli.

Basi walimu wa shule za karibu wakaanza mafunzo ya namna ya kuwafundisha wadogo kusoma, kwanza kwa Kiswahili wanachozungumza nyumbani, Kifaransa baadaye. Mmoja anafundisha somo la mfano, wengine wanakaa nyuma wakitazama, halafu wanalijadili pamoja. Mkufunzi wao ni Papa Eugène, mtu mpole, anayeongea kama anaogopa kumwamsha mtoto.

Papa Eugène akatangaza kwamba anatafuta mmoja wao aende Kabalo kuwafunza walimu wa kule.

Hapo mke wangu akakosa raha. Kabalo ndiko alikozaliwa. Na mwalimu wake wa darasa la kwanza, Mama Alphonsine, bado anafundisha palepale. Viviane alitamani kitu kimoja tu: ashuke kwenye treni, asimame mbele ya yule mama akiwa mkufunzi.

"Papa Keren, ile nafasi njo yangu," akaniambia. "Usicheke."

Sikucheka. Nilikuwa nimeshatumwa kutafuta viatu.

Zamu yake ya somo la mfano ilipokaribia, akawapa watoto sentensi tatu za ndakala, dagaa wetu wa ziwani. Baba anavua ndakala. Mama anaanika ndakala. Sisi tunakula ndakala. Wakazisoma asubuhi, wakazisoma kabla ya kwenda nyumbani, mpaka na mimi nikawa naziimba juu ya pikipiki. Abiria mmoja akaniuliza kama nauza samaki.

Siku moja kabla, watoto walipotoka, akaziandika ubaoni kwa chaki za rangi, herufi zimenyooka kama zimepigwa pasi. Ubao wao ni ule wa mbao wenye miguu, unaoandikwa pande zote mbili. Ili vumbi lisiharibu mwandiko, akaugeuza. Maandishi yakatazama ukuta.

Kesho yake nikampeleka, viatu vipya kavishika mkononi visipate tope. Nikabaki dirishani, maana siku kama ile mume haondoki.

Wageni wakakaa nyuma ya darasa. Viviane akawasalimia, akashika fimbo yake ya kuonyeshea, akasimama akiwatazama, mgongo kwa ubao. Miaka yote anafundisha hivyo. Fimbo inajua njia yenyewe.

"Tusome," akasema, akagonga.

Baba anavua ndakala, darasa likaitikia.

Nikatazama ubao. Mweusi tii. Alikuwa amesahau kuugeuza.

Presha ikanipanda. Nikaanza kumpungia mkono. Akaniona, akadhani nampongeza, akatabasamu na kugonga kwa nguvu zaidi. Mama anaanika ndakala. Nikamnyooshea kidole ubao. Akadhani namwambia aendelee, na kweli akaendelea. Mkuu wa shule, Papa Prospère, akanifukuza kwa kalamu kama anafukuza kuku.

Walimu wenzake walikuwa wameinamia karatasi zao, wanaandika. Papa Eugène peke yake ndiye aliyeinua uso. Alikuwa anatazama ubao.

Somo likaisha, watoto wakatoka kucheza, majadiliano yakaanza. Sasa pale wana desturi yao: lazima uanze na mazuri. Mmoja akasifu sauti, mwingine akasifu nidhamu. Kisha Papa Prospère akasimama, akakohoa kidogo.

"Mimi nasifu muandiko," akasema. "Muandiko ya Madame iko safi, inasomeka mupaka huku nyuma."

Wenzake wakaunga mkono.

Papa Eugène akanyoosha kidole ubaoni, akawaomba kwa upole, "Wapendwa, tuangalie tablo."

Wakaangalia.

Kicheko kilichofuata nakikumbuka vizuri, maana nilikianzisha mimi. Papa Prospère alicheka mpaka akavua miwani afute machozi. Viviane hakucheka. Alikuwa anatazama madawati ya watoto wake.

Tulipofika nyumbani akakaa kwenye ngazi, akavua viatu.

"Papa Keren, batoto yangu habajue kusoma," akasema. "Banajua kuniimbia tu."

Nikamwambia Kabalo haikimbii. Akanijibu kwamba wala hakuwa anafikiria Kabalo. Iliniuma sana. Wale watoto anawapenda, na alikuwa ameamini kwa moyo wote kwamba wanasoma.

Asubuhi akamwendea Papa Eugène, akaomba arudie somo. Akakubaliwa, lakini muhula unaofuata.

Kuanzia hapo, darasa la sauti likanyamaza.

Aliacha kuitikiwa. Akawa anachukua benchi mojamoja, kila mtoto anasoma peke yake huku wengine wanaandika kwenye vibao vyao. Kila siku aliwatungia sentensi mpya, wasipate nafasi ya kukariri. Kuna siku aliwashusha ziwani wasome majina ya boti. Mwenye boti mmoja ndipo alipogundua kwamba jina la boti yake liliandikwa vibaya tangu alipoinunua, na ndiye pekee ambaye hakufurahia ziara ile.

Wazazi nao wakaja juu. Wakipita barabarani hawasikii kitu. Wakamuuliza Papa Prospère kama Madame anaumwa. Papa Prospère akaja kwa mke wangu na sura ya msiba, na mke wangu akamjibu kwamba siku ya somo aandike yeye mwenyewe ubaoni, lolote atakalo.

Siku ikafika. Nikachukua dirisha langu. Safari hii Viviane aliugonga ubao mtupu kwa makusudi.

"Tusome."

Watoto wakatazamana. Kisha Princesse, kabinti ka benchi la mbele, akainua mkono.

"Madame, hakuna kitu."

Papa Prospère akainuka, akaandika: Mbuzi wa jirani amekula kofia yangu. Sentensi hiyo hakuna mtoto aliyewahi kuiona. Princesse akaanza. Mbu. Mbuzi. Akakwama, akarudi nyuma, akasonga tena. Mwenzake akapokea pale alipoishia, naye mdogomdogo. Kusema ukweli, hakukuwa na utamu wowote wa kusikiliza. Nikaona Kabalo inaondoka hivihivi.

Lakini walipofika kwenye kofia, darasa zima likaangua kicheko.

Papa Eugène akafunga kalamu yake. "Wamecheka," akasema. "Njo kusema wameelewa."

Viviane akageukia ukuta. Alikuwa analia, na mimi nikajifanya nakagua tairi.

Nafasi akapata. Tukapanda treni pamoja, mimi mbeba mizigo.

Kule Kabalo, Mama Alphonsine alikuwa amekaa mbele kabisa, kitenge kipya, anamwita mke wangu "mutoto yangu" mbele ya kila mtu. Viviane akaomba darasa la hapohapo, na sentensi walizozizoea. Kwa makusudi akaugeuza ubao upande usio na kitu. Akasimama akiwatazama watu, mgongo kwa ubao, akagonga fimbo.

Watoto wakasoma vizuri sana.

Ukaja wakati wa kuanza na mazuri. Mama Alphonsine akasimama wa kwanza, kifua mbele.

"Muandiko iko muzuri," akasema. "Na haishangaze. Ile muandiko, mimi njo nilimufundisha."

Mke wangu alikuwa ameandaa maneno ya kusema hapo, nilimsikia akiyafanyia mazoezi ndani ya treni. Akayaacha yote. Akamwendea yule mama, akamshika mikono yote miwili.

"Ni kweli, Mama. Yote ni wewe ulinifundisha. Sasa tuangalie tablo, sisi wote."

Mama Alphonsine akaangalia. Akaangalia tena. Kisha akaanza kucheka, akaegemea bega la mke wangu, akacheka mpaka wengine wakasahau kuona aibu. Alipotulia, akajifuta macho kwa kitenge.

"Basi, mutoto yangu," akasema, "nifanye namna gani?"

Na akakaa chini kwenye benchi la watoto, tayari kufundishwa.

Funzo langu ni dogo, mimi ni mtu wa pikipiki. Ukisikia watoto wanasoma kwa sauti moja, usikimbilie kupiga makofi. Tazama ubao kwanza, halafu mwombe mmoja wao akusomee peke yake. Na ukimwona mumeo dirishani anakupungia mkono, uliza anataka nini.