Kikaango Kilichotoka Jikoni

Wageni wanaokuja mji wetu wa Donostia kiangazi hukuta mchanga wa ufuo wa Kontxa umelala laini kama shuka, wakadhani bahari ndiyo iliyoutandika. Kwa miaka mingi mtandikaji alikuwa Patxiku, akiupitishia reki kabla waogaji hawajafika. Wakimuuliza pa kula, aliilaza reki chini kwanza, maana jibu lake lilikuwa refu. Nami nilikuwa nikisimama kumsikiliza, hata kama nimeshiba.

Lakini heshima yake hasa iko katika chama chetu cha mapishi, huko mji wa kale, ambako wanaume tunapikiana. Wake zetu huja, hukaa mezani, hula, hukosoa. Jikoni hawakanyagi, ndivyo tulivyokuta. Na kila Januari, sikukuu ya mtakatifu wetu, kumpika samaki wa chumvi ni kazi ya Patxiku.

Mwaka huu alikuja na mkono wa kulia umelegezwa na kiharusi. Tukamwambia apumzike.

"Nyumbani Maixol ananipumzisha mpaka nachoka," akasema. Maixol ndiye mkewe.

Sasa, samaki yule hataki kijiko. Ukishamwivisha taratibu kwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, unaepua, joto linapungua, kisha unakizungusha kikaango, unakizungusha, mpaka mafuta na ute wa ngozi vishikane viwe mchuzi mzito. Patxiku alizungusha. Mafuta yakabaki mafuta.

"Mzee, huyo samaki unampika au unamwogesha?" Txomin akauliza. Yeye ndiye mpishi wetu wa pili, na ulimi wake ni wa kwanza.

"Wewe kata mkate."

Txomin akanyoosha mikono apokee kikaango. Patxiku akamgeuzia bega. Tulielewa sote: akikiachia leo, sikukuu zote zijazo zimekwenda nacho. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

Maixol akaja mlangoni, ncha za viatu zikagusa kizingiti.

"Legeza kiwiko, Patxiku. Umekishika kama jeneza."

"Shemeji, jikoni hapana," akasema Txomin.

"Kwani miguu yangu iko wapi?"

Patxiku alimtazama mkewe, akatazama kizingiti. Kisha akakikumbatia kikaango kwa mkono wa kushoto ulio mzima, kitambaa kikiwa chini yake, akatupita wote hadi chumba cha kulia, akakiweka mezani.

"Tumewakataza wanawake kuingia," akasema. "Kikaango hakijakatazwa kutoka."

Maixol akashika upande mmoja, yeye mwingine.

"Huku, mume wangu. Siyo huko."

"Ndiko ninakokwenda."

"Basi nenda na mimi."

Wakazungusha. Mchuzi ukaanza kuwa mweupe pembeni, ukajikusanya, ukawa mzito wa kutosha kuufukia mkate. Nimekula michuzi mingi katika mji huu wa walaji. Ule uliifanya meza nzima igombee mkate.

Txomin alifuta sahani yake kwa mkate mara tatu. "Na mwakani nani anapika?"

"Mimi," akasema Patxiku.

"Na kiti changu mkiweke karibu na mlango wa jikoni," akasema Maixol. "Ile safari ya kikaango ilikuwa ndefu mno."