Mama Vishimo na Sahani Iliyojazwa Ikiwa Baridi

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Vishimo anatoa sahani ya plastiki kwenye jokofu la maabara, anaifunika, anaiweka mezani, kisha anavuta kiti na kukaa. Haigusi. Atakaa nusu saa nzima, mikono mapajani.

Daktari kijana mwenye utafiti anachungulia mlangoni. "Bado, mama?"

"Bado ina baridi, mwanangu. Kaa."

Sahani hiyo ina vishimo tisini na sita, kila kimoja cha kutosha punje moja ya hindi. Jina lake lilitokea hapo, maana huvihesabu kwa midomo akivijaza. Humo hupima antioksidanti katika damu ya wagonjwa, kinga inayozuia mwili usiliwe ndani kwa ndani kama chuma kinavyoliwa na kutu. Ndani ya kila kishimo zimebandikwa kingamwili za kuinasa. Mwishoni rangi ya njano ikikolea, basi kinga ni nyingi.

Anaifanya kazi hii mwaka wa ishirini na mbili sasa. Hata hivyo, wiki mbili zilizopita aliteleza.

Daktari alitaka majibu kabla ya kikao cha mchana. Mama Vishimo akaitoa sahani jokofuni na kuijaza papo hapo. Mashine ya kusoma rangi ikaonyesha kinga ya wagonjwa wa figo waliopewa mlo mpya, ambao ndio utafiti wake, imepanda ajabu. Daktari nusura acheze.

Mama Vishimo akaangalia vishimo viwili tu. Mwalimu wake wa kwanza alimzoeza kuweka damu ileile, anayoiita shahidi, katika kishimo kimoja kwenye kona na kingine katikati. Cha kona kilikuwa njano iliyoiva, cha katikati kimepauka.

"Damu moja, majibu mawili," anasema. "Nikajua nimeharibu mwenyewe."

Pembezoni mwa sahani palipata joto mapema kuliko katikati, rangi ikakolea zaidi, na wagonjwa wengi wa mlo mpya waliangukia pembezoni. Hakuna mwingine aliyeona. Angeweza kunyamaza. Akamfuata daktari ngazini, faili likiwa kwapani mwake, akamweleza. Kijana hakumsemesha siku mbili.

Tena damu iliyobaki ilitosha kupimwa mara moja tu, na ile iliyotolewa kabla ya mlo kuanza haipatikani tena.

Saa mbili kamili anagusa sahani kwa nyuma ya kiganja, kama anayempima mtoto homa. Anajaza. Safari hii amewachanganya wagonjwa, pembezoni na katikati. Anasubiri, anaosha, anasubiri tena. Njano inajitokeza polepole.

Mashine inasoma. Anaanza na shahidi: kona na katikati, sawasawa. Ndipo anageukia mlo mpya. Wamepanda, ila hata nusu ya mara ile hawafiki.

"Imepungua," daktari anasema.

"Imepungua. Lakini hii, hata akuulize mkali wa namna gani, unasimama nayo."

Daktari anaomba nakala mbili. Moja ataibandika juu ya meza yake.

Nyumbani mumewe humtania kwamba hata chai lazima aipe nusu saa. Yeye hacheki sana. Mwezi ujao wanaingia mafundi wapya wawili, na amemwomba mkuu wa maabara wawe chini yake miezi mitatu kabla hawajaachiwa sahani.

"Kuvuta damu kwa pipeti watajua ndani ya wiki," anasema. "Mimi nitaanza kwa kuwafundisha kukaa."

Anavuta karatasi ya mpangilio wa sahani ya kesho. Kwenye kona, kabla ya mgonjwa yeyote, anaandika: shahidi.