Televisheni ya Kaloleni na Wakwe wa Jumamosi

Nyinyi vijana mnaosoma haya mkiwa mmelala chali, kaeni vizuri kwanza. Nataka kuwaambia kuhusu televisheni, na sisi tuliitazama tukiwa tumeketi wima, miguu imeoshwa. Shule nilisoma kidogo tu. Lakini macho ninayo, na niliyoyaona nitayasema.

Yetu ilikuwa ndogo, picha zake nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Mzee wangu aliinunua miaka ya themanini tukikaa Kaloleni, hapa Kisumu, akaipa meza yake peke yake. Mimi nikaifunika kitambaa nilichofuma kwa mkono. Kwanza nilidhani ni kitu cha maana. Baadaye nikaanza kuitazama vizuri.

Kulikuwa na zile sinema za farasi. Wanaume wanapanda farasi asubuhi mpaka jua linatua, na sijaona hata mmoja akimpa farasi wake maji. Wanapigana risasi, wanabingirika mchangani, kofia haitoki kichwani. Za Kihindi tulizifuata mjini na tukalipia. Mtu amechomwa kisu tumboni, badala ya kupelekwa hospitali anaimba, na mama yake anaitikia. Lakini hao walilia sawasawa. Mimi nikilipa kuona kilio, nataka kilio.

Mieleka ilikuwa ya mzee wangu. Aliamini kila ngumi.

"Huyo amepigwa kiti cha kichwa," nikamwambia, "na wiki ijayo utamwona amerudi. Wewe uligongwa na mlango ukalala siku mbili."

"Mama, tazama tu. Usituharibie."

Vichekesho vya Kiswahili nilivipenda, kwa sababu watu wake walikula ugali na kugombania mambo ninayoyajua. Ila mke katika vile vichekesho kazi yake ilikuwa kupiga kelele. Sikuwahi kuonyeshwa hata mmoja akipara samaki.

Halafu miaka ya tisini ukaletwa mchezo wa kigeni wa kila Jumamosi. Ulikuwa wa msichana wa kazi aliyenyang'anywa mtoto, akaajiriwa kwa tajiri, na yule mtoto anayemwogesha kila siku ndiye wake, naye hajui. Waliwekewa sauti za Kiingereza. Midomo ilimaliza kabla ya maneno, na binti yangu wa mwisho, fundi wa nguo, ndiye aliyetutafsiria. Nitasema kweli, ule mchezo haukuwa na akili. Yule msichana alilala na rangi ya mdomo na kuamka nayo. Nyumba ilikuwa na ngazi mbili na haina jiko. Na hakuna aliyefikiria kuwauliza majirani. Pale Kaloleni jambo kama hilo lingejulikana kabla ya chai ya saa nne.

Basi huyu binti yangu akapata mchumba, kijana mnunuzi wa samaki, ambaye mvua zikiisha angehamia Port Victoria kwa kazi yake. Binti akasema atakwenda naye. Nikamwambia sawa, watu wake wakishafika bomani kwetu Ahero.

Hapo mnielewe. Nyumba ya Kaloleni ilikuwa ya kupanga, ya baraza la mji, na nyumba ya kupanga si boma. Mahari huzungumzwa bomani na ng'ombe huingia kwa lango la boma. Hutawapitisha ng'ombe Kaloleni kati ya kamba za nguo za watu. Na mwanamke aliyeondoka bila hayo, likimpata jambo huko, hata mahali pa kumzika panakuwa kesi.

Baba wa kijana na ndugu yake wakaja Jumamosi moja kutusalimu mjini, na kupanga siku ya kufika Ahero. Mzee wangu akawasha televisheni kuwaheshimu. Kosa likawa hapo. Sijamaliza kumimina chai, yule tajiri akamshika msichana wa kazi kwenye ngazi akaanza kumbusu.

Mbele ya wakwe. Watu ambao hata kutazamana nao usoni sana ni utovu wa adabu. Mzee wangu akatazama dari. Binti yetu, mtafsiri, akakimbilia jikoni. Mimi nikavua leso ya mabegani, nikaitandaza mbele ya kioo kwa mikono yote miwili, nikasimama.

"Mama," baba wa kijana akauliza taratibu, "wanafanya nini sasa?"

"Wanaagana."

Tukangoja.

"Bado?"

"Safari ni ya mbali."

Ndugu yake akakohoa ndani ya kikombe. "Wafanye haraka basi. Mama mwenye nyumba yuko chumba cha juu."

Ndipo nikajua wanaufuata ule mchezo.

Siku hiyo waliondoka bila kutaja siku ya Ahero. Jumamosi iliyofuata wakarudi, eti wanatusalimu. Na iliyofuata. Nikianza, "Sasa ile safari ya Ahero," muziki unaanza, na mkwe ananyoosha kiganja: "Mama, hilo baada ya hapa." Baada ya hapo ni samaki wangu, kisha giza, kisha wanaaga. Mzee wangu naye alikuwa upande wao, bega kwa bega, wanaume watatu kwenye kochi la watu wawili.

"Siku ya Ahero ni lini?" nikamuuliza walipoondoka.

"Mambo ya wakwe hayaendeshwi mbio."

"Mvua inakwisha. Binti amefunga sanduku."

"Tungoje kwanza tujue kama atarudishiwa mtoto."

"Nani?"

"Yule wa kwa tajiri."

"Na huyu wako aliye jikoni?"

Akatafuta viatu vyake.

Binti yangu alikuwa amesikia. Akaniambia, akiwa bado ameinamia cherehani, "Mama, mimi wiki ijayo nakwenda. Ng'ombe wakija, watanikuta huko." Hakulia. Angelia ningemkemea tukamaliza. Huko kusema kwake kwa upole ndiko kulikoninyima raha.

Jumamosi ikafika, na wakwe pamoja nayo. Siku hiyo yule msichana wa kazi akamvua mtoto shati, akaona kovu begani, akafungua mdomo aseme. Muziki ukapiga, ukawa mwisho mpaka wiki ijayo. Wanaume watatu wakaguna kama wamekanyagwa.

Nikaizima televisheni. Nikawaita vijana wangu wawili waliokuwa nje, na binti yangu kutoka jikoni, nikasema mbele ya wakwe wakinisikia:

"Kesho asubuhi ng'oeni antena. Televisheni ifungwe kwa blanketi, ipelekwe Ahero pamoja na betri yake. Jumamosi itawashwa huko bomani, na watakaoitazama ni wale watakaoingia langoni wakiswaga ng'ombe. Na wewe, binti yangu, usimtafsirie mtu neno hata moja mpaka ng'ombe wa kwanza amefungwa kamba."